Kiota kwenye Kamba ya Kanga

Mimi sikuwa mtu wa ndege. Nalisema mapema, maana siku hizi hapa Vitongoji, Pemba, nikitajwa tu watu wanabinyana, "Bi Mize yupi? Yule wa ndege?" Na mimi ndege niliowajua maisha yangu yote ni kuku wa kuchinja na kunguru wa kutupiwa jiwe. Aliyekuwa akiwapenda ni mume wangu Himid, Mungu amrehemu. Na amsamehe pia, maana Himid ana lake katika habari hii na nitalisema, awe maiti asiwe maiti.

Alikufa asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Presha. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia kikombe kinavunjika. Nikamshika, nikamwita, nikamsomea, nikapiga ukelele wa kuita watu, na katika yote niliyoyafanya hapana hata moja lililomfaa. Kabla ya alasiri wanaume walikwisha kumzika. Nikavuliwa hereni, nikakaa kizuka.

Kwa asiyejua, kizuka ni mjane aliye edani. Miezi minne na siku kumi hutoki nyumbani kwako, hujipambi, hujitii manukato, na mwanamme asiye maharimu yako hakuoni. Unakaa tu. Watu wanakuja, wanakwambia pole na mshukuru Mungu, wanakunywa chai, wanakwenda zao. Mwanzo nyumba haina pa kutia mguu. Baadaye unabaki wewe na wifi yako.

Wifi yangu ni Bimkubwa, dada yake Himid. Alihamia kwangu na godoro lake ili nisije nikaikosea eda ya kaka yake. Si mbaya, jamani, nisimsengenye. Alinipikia, alinifulia, usiku nikilia alikuwa akinishika mkono bila kusema neno. Lakini mchana! "Wifi, sauti yako imefika barabarani." "Wifi, mtandio." "Wifi, usisimame mlangoni." Mtu mzima na wajukuu wangu, nalindwa kama mwari.

Mahali palipobaki pangu ni uani. Ua wetu upande wa barabara una ukuta wa matofali, na upande wa bondeni una uzio wa makuti. Ndani mna mlimau na banda la jiko, na baina yake Himid alifunga kamba ya kuanikia kanga. Basi kwenye kamba ile, mwezi wa kwanza wa eda yangu, ndipo walipokuja chozi.

Chozi unamjua. Yule ndege mdogo, hajai kiganja, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza maua. Alianza jike. Rangi yake ya jani kavu, hana mapambo, kama mimi vile. Akaja na utando wa buibui mdomoni, akauzungusha kwenye kamba, akaenda, akarudi, akaenda. Dume kazi yake kukaa juu ya mlimau, anang'ara kijani na zambarau, na kupiga domo.

"Ndivyo walivyo," nikamwambia Bimkubwa. "Mwenziwe anajenga, yeye anahutubia."

Bimkubwa alicheka mpaka akakumbuka kuwa tuko msibani, akasema astaghafirullahi, akaingia ndani.

Kiota kilipokamilika kilikuwa kama kifuko kinachoning'inia, majani makavu yamegandishwa kwa utando, mlango ubavuni, na juu ya mlango kijibaraza cha kuzuia mvua. Bimkubwa akataka kukitoa, kanga zetu zianikwe wapi? Nikamwambia, "Kamba kaifunga Himid, na mjane wa Himid ni mimi. Kanga zako tandaza ukutani." Akanuna siku nzima, lakini kiota kikabaki.

Nilikuwa sina kitu kingine, nisemeje? Kutwa nimekaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, mgongo nimeuegemeza jikoni, natazama. Niliwasemesha. Nilipomlilia Himid nililia pale, na wao wakaendelea na kazi zao, hawakuniambia nimshukuru Mungu. Ikafika hadi nikamsimulia yule jike habari za mume wangu, alivyokuwa mkaidi, alivyokuwa hali biringani. Ndipo nikaona kuwa nikiamka asubuhi, kabla sijamkumbuka Himid, nawakumbuka wale. Dakika ile moja ya asubuhi ilikuwa haina maumivu. Mtu aliyefiwa anajua thamani ya dakika ile.

Mayai yalipotagwa niliyachungulia kwa kioo cha mkono. Bimkubwa akanifuma.

"Lo! Kizuka na kioo!"

"Natazama mayai, wifi, sijitazami mie. Uso wangu naujua."

Yalikuwa mawili, kila moja dogo kuliko tende. Na hapo ndipo hisani za watu zilipoanza.

Kwanza walikuja wanawake wa mtaani. Hitima ya arubaini inakaribia, ua wa kizuka usiachwe pori. Wakaja na majembe na mapanga, wakaimba, wakapalilia kila kitu. Yale magugu ya maua ya manjano nyuma ya choo, kisamvu kilichojiotea, majani ya kandokando ya uzio, yote wakayang'oa, wakayakusanya, wakayatia moto. Wakafagia mpaka ardhi ikawa nyeupe. Niliwashukuru, na niliwashukuru kwa moyo. Hapana hata mmoja kati yao aliyetaka malipo.

Kisha akaja Mabruki. Mabruki ndiye mume wa binti yangu Moza, wanakaa Tibirinzi, mjini Chake. Kijana mstaarabu, mkono wake haukai na kitu bila kutoa. Moza alikuwa amemhadithia kuwa uani kuna mbu na mama anaumwa, basi Ijumaa baada ya sala akatokea na honda yake, bomba la dawa mgongoni, kaliazima kwa rafiki yake mwenye shamba la matikiti.

"Mama, leo mbu wako watahama," akasema kwa Bimkubwa, maana mimi nilikuwa nimejitanda chumbani. Mkwe ni maharimu, ningeweza kutoka, lakini nilimuonea haya kwa vile nilivyochakaa.

Nikapaza sauti dirishani, "Mwanangu, kuna kiota kambani!"

"Nimekiona, mama. Wala usiwe na wasiwasi."

Na kweli alikuwa mwangalifu. Alikivika kiota mfuko wa kitambaa, akaufunga taratibu kwa uzi, ndipo akapiga dawa. Akapiga mlimau juu mpaka chini, akapiga makuti ya jiko, uzio, choo, nyufa za ukuta. Alipomaliza akakifunua kiota, halijakigusa hata tone. Jike alikuwa juu ya nyaya za umeme anapiga kelele, na baadaye akarudi kulalia mayai yake. Ningesema nini? Mkwe anakutendea wema ukweni, umwambie rudi na bomba lako? Nikamwambia Mungu akubariki mwanangu, na usiku ule tulilala bila mbu hata mmoja.

Basi mayai yakaanguliwa. Vitoto viwili, vyekundu, vipofu, mdomo tu. Nilifurahi kijinga, nikampigia simu Moza asubuhi asubuhi kumpa habari, akadhani nimeugua.

Himid aliwahi kuniambia kitu kuhusu chozi, zamani, na sikumsikiliza kama ilivyo kawaida ya mke. Alisema mkubwa anakunywa maua, lakini mtoto hawezi maua, mtoto anataka nyama: viwavi, vidudu, vibuibui. "Anamlisha kama mfalme," alisema. Sasa mimi nimekaa pale naangalia, na kinachoingia kiotani sikioni. Jike anaondoka, anakaa, anakaa, anarudi. Vitoto vinafunua midomo. Anachungulia, anaingiza mdomo wake mmoja baada ya mwingine, na mdomo ule hauna kitu ila labda maji ya ua la mlimau. Anatoka tena. Dume naye aliacha kuhutubia. Nikamuona anapekua mlimau jani kwa jani, juu ya jani, chini ya jani, anakwenda kwenye makuti, anapekua, anarudi mlimau uleule aliokwisha kuupekua. Hamna kitu. Mlimau ulikuwa umetakata kama sahani.

Ndipo nilipoanza kutazama na mimi. Nikainua gogo la kuni: sisimizi hamna. Nikaangalia pembe za jiko: utando hamna. Taa ya uani Bimkubwa akiiwasha magharibi, zamani ulikuwa huwezi kula wali chini yake kwa vidudu vinavyoanguka sahanini. Sasa inawaka peke yake. Nikamuuliza, "Wifi, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Wadudu. Tangu lini hawaji kwenye taa?"

Akafikiri. "Zamani," akasema. "Alhamdulillahi."

Sikuweza kuyabwaga yote kwenye bomba la Mabruki. Mlimau aliupulizia yeye, lakini bonde je? Bonde lile la nyuma ya uzio nalijua tangu nilipoletwa hapa bibi harusi. Ukipita kwenye majani, panzi wanakuruka miguuni kama mafuta ya moto. Kereng'ende juu ya mpunga, vipepeo, nyuki, na magharibi vimetameta mpaka watoto wanavikimbiza. Kisha watu wakaacha mpunga wakalima tungule, yaani nyanya, za kuuza Chake, na wa kwanza kuleta kopo la dawa bondeni alikuwa mume wangu. Ndilo hilo nililosema nitalisema. "Tungule bila dawa hazitoki," aliniambia. Mwaka wa kwanza kizibo kimoja kwa ndoo. Kisha viwili. Kisha akawa anapiga hata kama hajaona mdudu, ili asije. Na jioni anarudi, ananawa, anakaa uani kusikiliza chozi wake, na hajiulizi kitu. Wala mimi sikujiuliza, pesa ya tungule niliila.

Kitoto cha kwanza kilikufa. Mama yake alikitupa mwenyewe, nikakikuta chini ya kamba, tumbo limebonyea kama kimfuko kitupu. Nikakizika chini ya mlimau kwa kidole. Bimkubwa aliniona, na mara ile akaniletea maji ya kunawa.

Kilichobaki nikaapa hakifi. Nasikia aibu kusema nilivyoapa, mtu mzima, lakini niliapa. Nilikuwa nimekwisha kumshika mtu mmoja mikononi mwangu akanifia. Nikakipindua kinu nikapanda juu yake, nikafika kiotani, na kwa chelewa ya ufagio nikakipa ndizi iliyopondwa. Kikala! Nikashangilia. Kisha wali, punje nimeimenya. Kisha maji ya sukari. Kesho yake kimevimba tumbo, kinahara, na sauti imepungua. Waliosema walisema: kuku wa masikini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei. Nikakumbuka nyama, Himid alisema nyama.

Nikampigia Moza. "Mwanangu, nitafutie wadudu."

"Wadudu gani, mama?"

"Wowote. Wadogo wadogo. Viwavi."

Akasema kwa sauti ya upole, ile wanayosemeshwa wagonjwa, "Mama, Bi Bimkubwa yupo karibu?"

"Moza! Sijarukwa na akili! Nitafutie wadudu!"

Akaja siku ya pili, maskini, kutoka Tibirinzi, na chupa ya soda. Ndani mna mende watatu wamelala chali.

"Wamekufa hawa."

"Ndiyo, mama."

"Umewauaje?"

"Kwa dawa ya kupuliza. Ningewashikaje tena? Na ndio waliokuwepo. Nimetafuta nyumba nzima."

Nikaimwaga chupa chooni na nikamgombeza mpaka akalia. Haikuwa haki. Alisafiri na chupa ile kwa ajili yangu, na mimi nilimwambia maneno ambayo kizuka hatakiwi kusema wala mtu mwengine yeyote.

Siku ile alasiri kitoto hakikulia. Kilifunua mdomo, sauti haikutoka. Bimkubwa alikuwa kaitwa kwenye dua nyumba ya tatu. Nikasimama uani. Nikaupima uzio wa makuti kwa macho. Shehe wetu mwenyewe alitwambia siku ya mazishi: kizuka ana ruhusa ya kutoka mchana kwa haja isiyokuwa na budi. Nikajiambia, hii ndiyo haja. Nikajitanda mpaka machoni, nikalisogeza kuti bovu, nikatoka.

Sikuwa nimetembea zaidi ya hatua za uani tangu Himid afe. Nikashuka bondeni. Nikavua kanga ya juu, nikaiburura juu ya majani kama tulivyokuwa tukifanya utotoni kukamata panzi. Nikaikunjua. Mbegu za majani na vumbi. Nikaburura tena kando ya mtaro, kwenye matete, kwenye viazi vya mtu. Nikakunjua: hamna. Nikainama nikafunua magome, nikachokoa kinyesi cha ng'ombe kwa kijiti, mimi Mize binti Soud, kizuka, nachokoa kinyesi cha ng'ombe nikitafuta dundu. Kinyesi kilikuwa kimekauka kizima kizima, hakijaingiwa na kitu. Bonde lote liko kimya. Nilikuwa nimelijua lina sauti yake, ile ya kung'ong'a ambayo huisikii mpaka isiwepo, na haipo. Pale ndipo nilipoogopa. Nilisimama katikati ya bonde nililoolewa nalo, kanga mkononi, nikaogopa kama mtoto aliyepotea.

Mwisho nikaingia kwenye tungule za Jecha. Jecha ni jirani yetu wa shamba, na baada ya Himid kufa ndiye anayelima sehemu yetu. Kwenye jani moja la chini, upande wa ndani, nikamkuta kiwavi. Mmoja. Wa kijani, mwembamba, anatembea kilevi. Na jani lile, na majani yote, lilikuwa na ule weupe wa dawa iliyokauka.

Nilijua. Asiniambie mtu kuwa sikujua. Nilimwaga mende wa mwanangu kwa sababu hiyohiyo. Lakini kile kitoto kilikuwa hakina kesho, na katika bonde zima mdudu ni huyo. Ungefanyaje wewe? Nilimchukua.

Nilipoinua kichwa, Jecha amesimama kwenye tuta na jembe begani, ananitazama. Nikajifunika nikakimbia, kukimbia kwa mtu wa umri wangu.

Nyumbani nikamtia kiwavi katika kibakuli cha maji, nikamwosha kama naosha mchicha. Nikabadilisha maji. Nikamwosha tena. Nikapanda juu ya kinu, nikamuegesha kwenye ncha ya chelewa, na kitoto kikafunua mdomo, kikameza. Kikafunua tena, kinataka mwengine. "Hamna, mwanangu," nikakiambia. "Ni huyo tu." Kikabaki kimefunua.

Magharibi kilikuwa kimekufa. Kwa dawa, kwa njaa, kwa ndizi yangu, kwa yote, sijui. Sikukitoa, sikuwa na nguvu ya kupanda kinu tena.

Asubuhi Jecha akapiga hodi mlango wa mbele, akazungumza na Bimkubwa, mimi nikiwa ukumbini nyuma ya pazia. Alizungumza kwa adabu, kwa huzuni kabisa.

"Bi Bimkubwa, mimi sipendi maneno. Lakini kizuka katoka, nimemuona kwa macho yangu, kapita katikati ya shamba langu. Na leo asubuhi maua ya maboga yote yamepukutika. Hayakushika hata moja. Wazee walisema, kizuka akipita shambani maua yanaanguka."

Wazee gani? Miaka yote niliyoishi Pemba sijapata kulisikia hilo, wamelitunga asubuhi ileile. Nikapasua pazia kwa sauti. "Jecha! Maboga yako hayashiki tangu mwaka juzi, Himid alikuwa akilalamika hapahapa! Mwaka juzi mimi nilikuwa kizuka?"

"Wifi!" akasema Bimkubwa.

"Boga linataka nyuki! Umewaona nyuki, wewe?"

Jecha akafikiri kwa haki. Si mtu muongo. "Nyuki?" akasema. "Alhamdulillahi, mwaka huu sijaumwa hata mmoja."

Nikarudi nikakaa chini, nyuma ya pazia.

Bimkubwa alimuaga, akaufunga mlango, akanigeukia, na alikuwa analia. "Ulitoka kwenda wapi?"

"Kutafuta wadudu."

"Niambie kweli, wifi. Hata kama ni mtu. Niambie, nitalificha."

"Wadudu, Bimkubwa! Wa kukilisha kitoto!"

Alinitazama, na nikaona kuwa angelikubali mwanamme. Hilo la mwanamme angelielewa, angenitukana, angenisamehe. Wadudu hakuwa na pa kuwaweka. Mchana walikuja wanawake wawili watu wazima, wakanong'ona naye, na wakakata shauri kwa huruma zote kwamba uani kunanitia mawazo. Tangu siku hiyo nikae chumba cha ndani mpaka eda ishe. Chakula nitaletewa. Moza wakampigia simu, naye akakubali, akasema ndiyo, mama si mzima. Sikupigana nao. Nilikuwa nimepigana vya kutosha na vitu visivyopigika.

Chumba cha ndani kina kidirisha kimoja, kinatazama kambani. Alasiri nikasikia chwi, chwi, chwi. Nikainuka. Jike alikuwa amening'inia mlangoni mwa kiota, na mdomoni ana kitu. Nikakaza macho. Kinondo kidogo, cheupe, mabawa bado yanapigapiga. Mungu wangu, alimpata wapi? Ameruka mpaka wapi, hadi kule mbali Chokocho? Akaingiza kichwa ndani, akakitoa, kinondo bado yumo mdomoni. Akaita. Akaingiza tena. Akakitoa. Na yeye mwenyewe alikuwa amekonda, mfupa wa kifua umetokeza, na hakumla. Alimshikilia vilevile na kuita.

"Bimkubwa!" nikapiga kelele. "Bimkubwa, njoo!"

Akaja mbio, mikono ina unga. "Kuna nini?"

"Nenda kamwambie hamna mtu mule. Mwambie ale mwenyewe."

"Nimwambie nani, wifi?"

"Yule! Mama yake! Habari haijamfikia, kamwambie ale!"

Bimkubwa akatazama nje, akanitazama mimi. Akafuta mikono kwenye kanga yake, akanishika bega, akanikalisha kitandani taratibu na kunisomea kulhuwallahu kichwani. Kisha akanyoosha mkono juu yangu, akakifunga kidirisha.